Sasa na Zamani: Safari ya Maneno Yetu Mawili Hadi Vyuo Vikuu

Mwanafunzi wa chuo kikuu asomaye dini na falsafa za dunia, awe yuko London, Hamburg au Chicago, akifika sehemu ya somo ihusuyo Afrika, aghalabu hukutana na maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Huyakuta yameandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, Sasa na Zamani, mithili ya majina ya wafalme wawili waliogawana nchi. Huelezwa kwamba kwa maneno hayo Mwafrika huugawa wakati wote sehemu mbili, na kwamba sehemu ya tatu, yaani wakati ujao, kwake ni kama haipo. Sisi tuyafundishao maneno hayo hayo katika juma la kwanza la somo letu, pamoja na jana, leo na kesho, hatuna budi kustaajabu. Yalifikaje huko? Ni nani aliyeyapeleka, na kwa haja gani? Na je, yanaweza kuubeba mzigo yaliotwishwa?

Habari yenyewe yaanzia hapa Uganda, katika kilima cha Makerere. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wake wakitunukiwa shahada za huko. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Chuo kitoacho shahada za London hakina budi kufundisha kwa kipimo cha London, na katika kipimo hicho dini za wazee wetu hazikuhesabiwa kuwa dini za kusomewa shahada. Ziliachiwa wataalamu wa mila za makabila, nazo ziliitwa upagani, ushenzi au ibada za mizimu.

Uchungu wa jambo hilo tunaupata kwa Okot p'Bitek, Mwacholi aliyezaliwa Gulu mwaka 1931. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji katika timu ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha Oxford katika taaluma ya jamii na mila za watu. Ameeleza katika kitabu chake jinsi mhadhara wa kwanza kabisa wa Oxford ulivyomchoma moyo, kwa kuwa mwalimu hakuacha kuwataja Waafrika kwa majina ya kishenzi. Okot alipinga, asisikilizwe. Tutarudi kwake, maana ana neno la kutuambia sisi walimu wa lugha kuliko wengine wote.

Kabla ya Makerere, hata hivyo, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa kwa majirani zetu wa magharibi. Mwaka 1945 padre Placide Tempels, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alitoa kitabu mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alidai kwamba Wabantu wanayo falsafa yao, na kwamba kiini chake ni nguvu: kuwapo ni kuwa na nguvu, na kupungukiwa nguvu ni kupungukiwa uhai. Kitabu kilisifiwa na kulaumiwa. Lakini ushahidi wake ulikuwa haba. Padre alisema anawajua watu wake, na msomaji ilimpasa amwamini.

Aliyetaka ushahidi alikuwa padre wa Kinyarwanda, Alexis Kagame, aliyepata udaktari wa falsafa huko Roma. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda kilitoka mwaka 1956. Kagame aliutafuta ushahidi katika sarufi. Alilichukua shina -ntu akalifuata katika ngeli moja baada ya nyingine: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Katika hivyo vinne, alisema, vimo vyote vilivyopo, mfano wa mafungu aliyoyapanga Aristotle kwa kufuata Kigiriki. Fikra hiyo ni nzuri kwa jinsi ilivyopangwa, na wengi waliishangilia.

Hebu tuijaribu kwa Kiswahili. Mtu na kitu tunavyo. Tukifika mahali tunakwama, maana neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu. Namna na jinsi nayo ni ya kukopa. Je, tuseme Mswahili alikuwa hajui alipo wala afanyavyo hata wageni walipomletea maneno? La hasha. Tunasema mahali pazuri, mahali pale, mahali petu. Neno ni geni, lakini upatanisho wake wa pa- ni wa kale na ni wetu. Shina la neno laweza kupotea katika lugha na maana yake ikabaki imejificha katika kiambishi. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha ngeli analijua hilo. Kwa hiyo atafutaye falsafa ya watu katika maumbo ya maneno yao yuko katika shamba lenye rutuba na mashimo pia, na yafaa aende na mtu alijuaye.

Sasa tumfikie aliyeyapeleka maneno yetu ng'ambo. John Samuel Mbiti alizaliwa Kitui, Ukambani, mwaka 1931, mwaka ule ule wa Okot. Alisoma Makerere hadi mwaka 1953, akaendelea Marekani, kisha Cambridge, alikopata udaktari mwaka 1963. Utafiti wake ulitoka katika swali la kichungaji: Wakamba walisikia nini hasa wamisionari walipowahubiria habari za siku za mwisho? Wamisionari walisema juu ya jambo litakalokuja, bila kutaja siku. Wasikilizaji, kwa maelezo ya Mbiti, walilipokea kama jambo la karibu mno, litakalotukia wangali hai. Na miaka ilipopita bila kutukia, imani ikayumba. Kwa nini? Jibu lake lilikuwa kwamba lugha zao hazikuwapa mahali pa kuliweka jambo lililo mbali mbele.

Mwaka 1964 Mbiti alirudi Makerere kufundisha, akadumu huko miaka 10, na hatimaye akaiongoza idara ya elimu ya dini na falsafa. Lililofanyika katika madarasa hayo halipaswi kudharauliwa. Kijana wa Kiganda, Kiteso au Kikikuyu aliweza kuketi chuo kikuu akasoma dini ya babu yake ikiwa somo lenye mtihani, sambamba na Ukristo na Uislamu, akifundishwa na Mwafrika. Katika mihadhara hiyo, na mingine aliyoitoa Hamburg, ndimo kilimozaliwa kitabu kilichompatia sifa, juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichochapishwa mwaka 1969. Mwaka uliofuata alitoa kingine kilichokusanya fikra juu ya Mungu kutoka kwa takriban makabila 300 ya bara zima. Kabla yake, ni nani aliyewahi kufikiri kwamba majina ya Mungu katika lugha zetu yanastahili kukusanywa kwa bidii namna hiyo?

Sura ya tatu ya kile kitabu cha 1969 ndiyo ihusuyo wakati, na mwenyewe aliifanya kuwa ufunguo wa mengine yote. Mbiti aliona kwamba maneno ya Kiingereza ya wakati uliopita, uliopo na ujao yangeingiza fikra za Kizungu mlango wa nyuma, kwa hiyo akachagua mawili ya Kiswahili. Sasa, kwake, si nukta hii tu. Ni muda wote ambao mtu anaushiriki: yanayotendeka, yaliyotendeka katika kumbukumbu yake, na machache ya mbele yaliyo hakika kuja, kama vile mvua za msimu na mtoto aliye tumboni. Zamani ni bahari ambamo Sasa humwagikia. Matukio hayaendi mbele. Hurudi nyuma, kutoka katika Sasa kuingia katika Zamani. Vivyo hivyo wafu. Aliyekufa hukaa katika Sasa maadamu wangalipo wanaomkumbuka kwa jina, naye ni mfu aliye hai. Akiisha kufa wa mwisho amjuaye, baada ya vizazi vinne au vitano, huzama katika Zamani.

Hiyo sehemu ya wafu ndiyo bora katika kitabu, nasi hatuoni wa kuipinga kwa urahisi. Aliyepata kukaa matangani kwa wazee, akasikia majina yakitajwa mpaka yakafika mahali yasipojulikana tena, ameona kwa masikio yake jambo alilolieleza Mbiti.

Walakini, juu ya wakati ujao, Mbiti alitoa hukumu nzito. Alisema kwamba katika lugha za Afrika Mashariki alizozichunguza hakukuta maneno ya kutaja wakati ujao wa mbali. Akaweka jedwali la njeo tisa za vitenzi katika Kikamba na Kikikuyu, na ile ya mbali kuliko zote upande wa mbele akaikadiria kuwa ya miezi 2 hadi 6. Hata ikivutwa, haipiti miaka 2. Kutoka jedwali la lugha mbili, kauli ikapanda hadi kuwahusu Waafrika. Wakati ujao, aliendelea kusema, wameanza kuugundua siku hizi kwa mahubiri ya Kikristo, kwa elimu ya kigeni na kwa mipango ya maendeleo ya mataifa yao.

Tulipime jambo hili vizuri, maana si mchezo wa wasomi. Ikiwa ni kweli, basi mzee apandaye mvule ambao yeye hatauona ukikatwa hajui alifanyalo. Mama auzaye ndizi barabarani ili mwanawe alipiwe karo miaka saba anatumia fikra ya kuazima. Na afisa wa nje ajaye kutuambia kwamba hatujui kupanga mambo ya mbele atakuwa amepewa silaha, tena na mmoja wetu.

Kwa bahati, ushahidi uliotolewa ni wa sarufi, na sarufi ni kazi yetu. Tuanze na lugha izungukayo kilima chenyewe cha Makerere. Luganda inazo njeo mbili za wakati ujao, ya karibu na ya mbali, na ya mbali alama yake ni -li-. Kila mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha Buganda anaijua taabu ya alama hiyo. Andika ubaoni neno alisoma. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili atasema tendo limekwisha. Muganda mgeni wa Kiswahili atasema tendo bado, litafanyika siku moja huko mbele, baada ya leo. Kitenzi ni kile kile, herufi ni zile zile, na mmoja anatazama nyuma na mwingine anatazama mbele. Nasi twafahamu kwamba njeo hiyo ya Luganda haina ukuta wa miezi 6. Mtu huitumia kwa jambo la mwaka ujao na kwa jambo la siku ya kufa kwake.

Kiswahili nacho, lugha iliyotoa maneno yale mawili, kina -ta-, isiyojali kama jambo ni la jioni hii au la miaka elfu. Ukiichunguza utaikuta imetokana na kutaka, ndiyo maana umbo zima hujitokeza katika virejeshi: atakayesoma, yatakayokuja. Na katika kuhesabu siku, wazee wa pwani hawakuishia kesho. Walisema kesho, kesho kutwa, mtondo, na siku ya nne mtondogoo. Nyuma tunazo jana na juzi. Watu waliozipa majina siku nne za mbele na mbili za nyuma, ni vigumu kuwaambia kwamba wameyageuzia maisha yajayo mgongo. Tunakiri kwamba hoja hii ya siku ni ndogo, nasi hatungependa kujenga falsafa juu yake. Twaitaja tu ili ionekane jinsi mchezo huo uwezavyo kuchezwa pande zote mbili.

Lililo zito zaidi ni asili ya maneno yenyewe. Zamani ni la Kiarabu bila shaka yoyote, na sasa wanaisimu wengi hulifungamanisha na lile lile lililotupa saa. Maneno yaliyochaguliwa ili kuepuka fikra za kigeni yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari mara moja kabla ya kupelekwa Ulaya. Hatusemi kwa hiyo si ya Kiswahili. Ni yetu kama mahali ilivyo yetu. Twasema tu kwamba lugha iliyoyapokea ilipokea pia kiyama, akhera na milele, ikayatumia misikitini na katika tenzi karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Ukambani. Mzee wa Lamu au wa Pemba alijua kuizungumza siku ya mwisho bila kufundishwa na Mzungu. Ukikiazima Kiswahili kwa ajili ya Sasa na Zamani, huwezi kuiacha Akhera mlangoni.

Hapa ndipo turudipo kwa Okot p'Bitek. Kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika taaluma ya Kizungu, chenye tarehe ya 1970, hakiwaachi wamisionari, wala wataalamu wa Oxford, wala wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa miongoni mwao. Aliwashutumu kwamba wameichukua miungu ya Afrika wakaivika kanzu za Kigiriki ili ionekane na heshima mbele ya Wazungu. Okot alikuwa mkali mno, na pengine hakuwatendea haki waliokuwa wakiutetea utu wa wazee wao kwa silaha zilizokuwapo. Lakini mfano wake wa Rubanga hausahauliki.

Mwaka 1911, asimulia, mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana waliyoitaka mapadre, kwa hiyo swali likafika masikioni mwa wazee kama: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa, wakasema mtu huzaliwa na mamaye. Mapadre wakakazana. Mwishowe mzee mmoja alikumbuka kwamba mtu aweza kweli kufinyangwa, pale apatwapo na ugonjwa wa uti wa mgongo ukampinda akawa na kibyongo. Na amfinyangaye hivyo ni Rubanga. Mapadre wakafurahi, wakaliandika jina, na tangu hapo Rubanga, jina la nguvu ivunjayo migongo, likawa jina la Muumba katika katekisimu.

Yote hayo kwa sababu ya kitenzi kimoja. Na Kiswahili kilinusurika kwa bahati tu, kwa kuwa kuumba kwetu ni kazi ya mfinyanzi na ni kazi ya Mungu pia. Tulipolisoma simulizi hilo na walimu wenzetu kutoka Acholi, walicheka, kisha wakanyamaza.

Baada ya hao wawili mjadala ulienea. Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikataa katakata kwamba kabila zima laweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwenyewe. Huko Nairobi, Henry Odera Oruka aliacha majedwali akaenda vijijini kuwauliza wazee wenye hekima, kila mmoja kwa jina lake, wana maoni gani juu ya Mungu, kifo na haki. Akakuta wanapingana wao kwa wao kama wapinganavyo maprofesa. Kwame Gyekye wa Ghana, mwaka 1987, alionyesha kwamba Kiakan kina neno lake la wakati ujao, tena halina mpaka. Hoja ya jedwali ilikuwa imepata majibu ya kutosha. Hata hivyo, kitabu cha Mbiti kilitoka tena mwaka 1990, na sura ya wakati ikiwamo.

Na maneno yetu yaliendelea na safari. Mwaka 1995 mwanasosholojia wa Marekani, James Loewen, alitoa kitabu kilichopata wasomaji wengi mno, cha kufichua makosa ya vitabu vya historia vya shule za kwao. Humo aliileta fikra ya Mbiti. Lakini sasa ikawa sasha, na badala ya kuwa wakati ikawa jina la kundi la wafu ambao bado wanakumbukwa na walio hai, nao zamani wakawa wafu waliosahauliwa. Mwaka 2006 Kevin Brockmeier, mwandishi wa riwaya, aliyanukuu maneno hayo ya Loewen mwanzoni mwa riwaya yake juu ya mji wa wafu. Kwa hiyo yupo leo msomaji Marekani anayeamini kwamba katika Kiswahili sasha ni wafu. Kosa la chapa katika kitabu cha makosa ya vitabu! Anayefundisha wageni na awe tayari, maana swali hilo litamjia.

Mbiti aliondoka Makerere mwaka 1974 akaenda Uswisi kuongoza taasisi ya makanisa huko Bossey, kisha akawa mchungaji na mhadhiri nchini humo hadi alipofariki mwaka 2019. Katika uzee wake aliishika kazi nyingine. Alilitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki kwa Kikamba, peke yake, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 2014. Agano Jipya humalizika kwa kitabu cha Ufunuo, ambacho karibu chote ni habari za yatakayokuja, na ndani yake imo ile miaka elfu ya Kristo kutawala. Tungependa mwalimu ajuaye Kikamba atufungulie sura ya 20 ya tafsiri hiyo, atuandikie katika toleo lijalo ni njeo zipi alizozitumia huyo mzee.